Miezi 14 na vibrafoni isiyo na mota: tathmini ya mtu anayepiga peke yake

Siku niliyoipokea vibrafoni hii, ala ya vibao vya metali vinavyopigwa kwa vijiti, nilikanyaga pedali, nikapiga kibao cha F ya chini kabisa, nikafumba macho. Kililia vizuri mno. Sauti ilijaa chumba, ikakaa, ikaanza kupungua polepole mpaka sikujua imeisha lini. Nikasema moyoni: hii ndiyo. Ilinichukua karibu miezi mitatu kuelewa kwamba jaribio lile halikuniambia kitu. Vibao vya alumini vilivyochongwa kwa uangalifu hulia vizuri karibu vyote. Ukitaka kujua kama ala itakufaa kupiga jazi peke yako, bila besi, bila ngoma, bila piano ya kukuficha, isikilize inavyonyamaza.

Kwanza niieleze yenyewe. Ni ya oktava tatu, vibao 37, kuanzia F iliyo chini ya C ya kati hadi F ya juu, kama zilivyo vibrafoni nyingi. Haina mota. Fremu inakunjwa, mabomba ya kukuza sauti yaliyo chini ya vibao yanatoka kwa mafungu mawili, na vibao unaviviringisha pamoja na kamba zake kama mkeka, unavitia mfukoni. Naifunga kwa dakika 20 na kuifungua kwa 25, peke yangu, bila kuomba msaada. Jina la kiwanda sitalitaja. Niliinunua ikiwa imeshatumika, na baadhi ya yaliyonikuta sijui niyaweke kwenye hesabu ya kiwanda au ya mikono iliyonitangulia. Ila vibrafoni nyepesi za kukunjwa, zisizo na mota, hutengenezwa na zaidi ya kampuni moja, na anayeangalia yoyote kati ya hizo nadhani atapata cha kumsaidia hapa.

Na mimi mwenyewe: nilipiga kwenye kundi la watu wanne kwa miaka tisa, vijiti viwili tu mkononi, kimoja kila upande. Mpiga besi alishika chini, mpiga piano akajaza katikati, mimi nikaimba juu. Kundi lilipotawanyika nikabaki na chaguo moja, kujifunza vijiti vinne na kushika kazi zote tatu kwa wakati mmoja. Ndipo nikaanza kuiona ala hii upya.

Suala la mota nilimalize haraka, kwa sababu ndilo swali la kwanza ninaloulizwa. Ndani ya midomo ya mabomba ya vibrafoni ya kawaida kuna visahani vinavyozungushwa na mota. Kikiziba, sauti inafifia. Kikifungua, inajaa tena. Kinachopanda na kushuka ni ujazo wa sauti, noti yenyewe haisogei. Milt Jackson, mpiga vibrafoni wa jazi, aliuzungusha mota wake taratibu sana, na ule mtetemo wa polepole ukawa ndio sauti yake. Gary Burton, mpiga vibrafoni mwingine, alijenga mtindo wake mzima mota ukiwa umezimwa. Ukipiga kodi, yaani noti kadhaa kwa pamoja, za noti nne huku wimbo ukitembea juu yake, mtetemo unaitikisa kodi na wimbo kwa pamoja, na sikio la msikilizaji linapoteza njia. Kwa hiyo sijaukosa. Pale ninapotamani joto lile la Jackson kwenye bluzi ya polepole, ndiyo, naukumbuka, lakini si kiasi cha kubeba uzito wa mota na waya zake.

Sasa kizimio. Hapa nitakaa.

Kati ya safu mbili za vibao kuna ubao mrefu, mwembamba, uliovikwa ukanda wa sufu iliyoshindiliwa. Springi zinausukuma juu mpaka sufu iguse ncha za ndani za vibao vyote. Ukikanyaga pedali, ubao unashuka na vibao vinakuwa huru kulia. Ukiinua mguu, unapanda, na kila kinacholia kinazimwa papo hapo. Kila kinacholia: shida ya mpigaji wa peke yake inaanzia hapo. Kwenye piano ukiachia kidole kimoja, noti yake inakufa na zenzake zinaendelea. Hapa vibao 37 vinagawana kizimio kimoja. Ukitaka besi iendelee na wimbo ubadilike, mguu hauwezi kukusaidia.

Vibrafoni za mwanzo kabisa, zile za kampuni ya Leedy huko Marekani miaka ya 1920, zilikuwa na vibao vya chuma na hazikuwa na pedali hii. Mwaka 1927 Henry Schluter wa kampuni ya Deagan alitoa muundo wenye vibao vya alumini na kizimio kinachoendeshwa kwa mguu, na miaka mitatu baadaye Lionel Hampton alikuwa studioni na mpiga tarumbeta Louis Armstrong, Hampton akiipiga ala hiyo kwenye jazi. Nikiitazama historia hiyo kutoka nyuma ya ala yangu, naona kwamba chombo hiki kiliingia kwenye jazi kilipojifunza kukatisha sauti. Bila hilo, kila noti inachanganyika na iliyoitangulia.

Kizimio cha hii yangu kilikuja kibovu, ila sikujua. Aliyeniambia ni mzee mmoja fundi wa piano, aliyepita nyumbani kwa shughuli nyingine kabisa. Nilimpigia wimbo mmoja, nikisubiri asifu mlio. Akaniuliza, "Mwanangu, mbona katikati kunavuja?" Nikamwambia sisikii. Akaniambia nikanyage pedali, nipige kibao kimoja, niinue mguu. Kimoja. Kisha kinachofuata. Tulikwenda hivyo kutoka chini hadi juu, yeye amesimama na mkono sikioni. Tulipofika kwenye A ya kati, nikainua mguu na kibao kikaendelea kuimba, kidogo, kama mbu wa mbali. B bemoli hivyo hivyo. C ikazimika, lakini kwa kuchelewa, ikivuta mkia. "Hapo," akasema. "Mzee, nilikuwa nadhani ni mwangwi wa chumba," nikamjibu. Akatikisa kichwa, akaomba karatasi.

Jaribio lake la karatasi ndilo ningependa kila mnunuzi alijue. Kata ukanda wa karatasi ya kawaida, upana wa vidole viwili. Kanyaga pedali, uingize kati ya sufu na kibao, achia pedali, halafu uvute. Karatasi inatakiwa itoke kwa ukinzani uleule kwenye kila kibao. Kwangu, kwenye oktava ya chini ilishikwa barabara, kwenye A na B bemoli ikatoka kama hakuna kitu. Sufu ilikuwa imelala pale katikati, mahali ambapo aliyenitangulia alipiga na kuzima zaidi, na ubao wenyewe ulikuwa umepinda kwa unene wa kadi ya mwaliko. Tuliinua ukanda kwa uangalifu, tukapachika vipande vya kadi chini yake, tukaurudisha. Ilichukua mchana mzima. Jioni nilipiga kodi ya noti nne pale pale katikati, nikainua mguu, na chumba kikawa kitupu mara moja. Niliirudia kodi ile mara nyingi kwa furaha tu ya kusikia inavyoisha.

Tangu siku hiyo kizimio kinafanya kazi vizuri, na sasa naweza kusema kwa uhakika kwamba muundo wake ni mzuri. Safari ya pedali ni fupi, na katikati ya safari hiyo kuna eneo pana la nusu pedali, pale sufu inapogusa vibao kwa juujuu tu. Hilo ni jambo kubwa. Nusu pedali inakuwezesha kupunguza ukungu wa kodi bila kuiua, kama kufunga dirisha nusu. Nimepiga ala kubwa na nzito zaidi ya hii ambazo pedali yake ina hali mbili tu, wazi au imefungwa, na nikirudi kwenye hii mguu wangu unapumzika.

Kasoro halisi ni fimbo inayounganisha pedali na ubao wa kizimio. Imeshikwa kwa klipu ndogo ya plastiki. Nilipoiona mara ya kwanza sikuitilia maanani.

Siku ya onyesho langu la kwanza la peke yangu, ukumbi mdogo, watu kama 60, nilikuwa kwenye wimbo wa tatu, wa polepole, nikiingia mzunguko wa pili. Mguu ukashuka na kukuta hakuna ukinzani. Klipu ilikuwa imekatika. Kwa kuwa springi zinausukuma ubao juu wakati wote, pedali ikikatika vibrafoni haibaki wazi, inabaki imezimwa. Kila noti niliyopiga ikatoka kok, kok, kama mtu anayegonga meza. Nilimaliza mzunguko ule hivyo hivyo kwa kuharakisha mdundo na kuufanya wimbo uwe wa ngoma, nikainamisha kichwa, nikapiga magoti nyuma ya ala. Nikafungua kamba ya kiatu changu cha kushoto, nikauvuta ubao wa kizimio chini kwa mkono, nikaufunga kwenye mwamba wa fremu.

Sasa vibao vyote vilikuwa wazi na hakuna cha kuvizima. Nilikuwa na nusu saa iliyobaki.

Kilichoniokoa ni zoezi ambalo nilikuwa nalifanya kila asubuhi tangu nianze vijiti vinne. Unafunga pedali chini, au unaikanyaga bila kuiachia, kisha unapiga skeli ya F moja kwa moja, polepole, metronomu ikiwa kwenye mapigo 50 kwa dakika. Unapopiga G kwa kijiti cha mkono mmoja, kijiti cha mkono wa pili kinalala juu ya F na kuinyamazisha. Ukipiga A, kijiti kingine kinalala juu ya G. Hakuna noti mbili zinazolia kwa pamoja isipokuwa umetaka. Mwanzoni kijiti kinachozima hutoa mlio wake chenyewe, kidonge kidogo cha kelele, kwa sababu unakigonga badala ya kukiweka. Inabidi kishuke kama kiganja kinachotua kwenye kichwa cha mtoto aliyelala. Wiki ya kwanza nilikata tamaa. Wiki ya sita nilianza kuweza kuacha noti moja ya besi ikilia peke yake huku nikibadilisha tatu zilizo juu yake, na nilipoisikia kwa mara ya kwanza ikikaa vile, besi imesimama na wimbo unatembea, nilisimamisha kila kitu na kukaa chini.

Mbinu hii ndiyo iliyofungua mlango wa vibrafoni ya peke yake. Burton alipopanda jukwaani kwenye tamasha la jazi la Montreux, Uswisi, mwaka 1971 na kupiga bila kundi, alikuwa ameshaigeuza hiyo kuwa lugha kamili, vijiti vinne vikipiga na kuzima kwa wakati mmoja. David Friedman, naye mpiga vibrafoni, aliiandikia kitabu cha mazoezi muongo huohuo. Nami usiku ule, kamba ya kiatu ikiwa imefungwa chini, nilipiga nyimbo nne zilizobaki kwa vijiti tu. Zilikuwa na ukungu zaidi ya nilivyotaka, na mahali pawili noti ya bemoli ilibaki ikigombana na jirani yake mpaka nikaifuata. Lakini zilikuwa muziki.

Nilimwandikia aliyeniuzia, naye akanielekeza kwa watengenezaji. Klipu mpya zilikuja baada ya wiki saba, mbili, za plastiki ileile. Sikuzitumia. Nimeweka pini ya chuma inayopindwa ncha, na haijalegea hata mara moja. Ukinunua ala ya aina hii, badilisha kipande hicho siku hiyohiyo.

Kuhusu vibao vyenyewe nina machache, kwa sababu ni vizuri. Upana wao unapungua kuelekea juu, kwa hiyo vya chini vinakupa nafasi ya kupiga bila kulenga sana. Mlio wa juu unaoandamana na noti ya msingi, ule unaotakiwa kuwa oktava mbili juu yake, umechongwa safi katika oktava ya chini. Juu kabisa sauti inakuwa nyembamba, lakini hilo nimelikuta karibu kila mahali. Kimoja tu cha kuangalia: hii imetuniwa noti ya A ikiwa hezi 442. Ukipiga peke yako haina shida yoyote. Nilipojaribu kurekodi pamoja na piano iliyotuniwa 440, tofauti ilisikika, hasa kwenye noti ndefu. Huwezi kukaza wala kulegeza kibao kama uzi wa gitaa. Kukishusha ni lazima kikwanguliwe chini katikati, kukipandisha kikwanguliwe kuelekea ncha, na kazi hiyo ni ya fundi anayeijua, si ya mtu mwenye tupa na hamu. Uliza kabla ya kununua.

Mabomba ni mepesi, labda mno. Yale yanayotazama watazamaji yamepangwa kwa upinde mzuri, mengine yakiwa marefu kuliko sauti inavyohitaji na yamezibwa kwa ndani, kwa ajili ya sura tu. Sina ugomvi na sura. Ila bomba la F ya chini, lenye urefu wa karibu nusu mita, lilikuwa likitetemeka kwa kelele kila nilipopiga kwa nguvu, na nililazimika kuweka kipande cha mpira mahali linapokutana na fremu. Magurudumu ni madogo, breki zake mbili kati ya nne zinashika. Kwenye jukwaa la mbao laini, ala inanisogelea polepole kadiri ninavyopiga. Naweka zulia dogo chini, basi.

Vijiti havikuja nayo, na ningemwomba kila anayeanza asiridhike na vile vya mpira mtupu anavyovikuta dukani. Nimetua kwenye vile vya kampuni ya Vic Firth vyenye jina la Burton, mpini wa henzirani, kichwa kimefungwa uzi mgumu. Mpini wa henzirani unapinda kidogo, na kwa mshiko wa kupishanisha vijiti viwili ndani ya kiganja, ule wa Burton, kupinda huko kunampa mtu nguvu bila kubana misuli ya mkono. Uzi unatoa mwanzo wa noti ulio wazi, na ukiweka kijiti juu ya kibao ili kukizima, kinashika bila kuteleza. Vya uzi laini wa sufu nilivipenda nyumbani. Ukumbini wimbo ulizama ndani ya kodi zake wenyewe. Kwa peke yako, wimbo lazima usikike hata mtu aliyekaa nyuma kabisa aweze kuuimba, na hiyo inatokana na mambo mawili: kichwa chenye ugumu wa kutosha, na kijiti cha nje cha mkono wa kulia kupigwa kwa uzito zaidi ya vingine vitatu. Hilo la pili ni zoezi la kila siku na halinunuliwi. Napiga kodi moja mara 20, kila mara noti tofauti ikiwa ndiyo inayoongea, huku tatu zilizobaki zikinong'ona. Ala hii inaitikia vizuri hapo. Kati ya kunong'ona na kusema kwa sauti ina ngazi nyingi, na hata kwenye mguso mwepesi kabisa kibao kinatoa noti kamili, si mkwaruzo.

Oktava tatu zinabana. Nilitamani nne mara nyingi, kwa sababu besi inapoanzia F na wimbo unapotaka kushuka, mikono inagombea meza moja. Lakini ubano huo umenilazimisha kuacha noti. Zamani nilipiga kodi nzima kila mpigo. Sasa besi inasikika mara moja, nainyamazisha, katikati naweka noti mbili, na msikilizaji anajaza iliyobaki. Vibrafoni ya oktava nne ni nzito zaidi, na naamini ningerudi kujaza kila mahali.

Kama unapiga kwenye kundi na unapenda mtetemo wa mota, tafuta nyingine. Kama unataka kukaa peke yako na wimbo, ukiufanyia kazi kila siku na kuubeba mwenyewe hadi jukwaani, nimeridhika nayo kiasi cha kusema nenda kaijaribu. Chukua ukanda wa karatasi na vijiti vyako mwenyewe. Pita kibao kwa kibao, kanyaga, piga, achia, ukisikiliza mkia wa kila noti mpaka uishe, na kabla hujaanza mwombe muuzaji azime feni.